Virginie Alivyomjibia Mumewe

Mzee Sikuli wa Beu, mjini Beni, alipoanza kuuliza kaka yake yuko wapi, kaka aliyezikwa zamani, mkewe Virginie alimjibu kila mara kwamba amekwenda Butembo kuuza maharagwe. Mwanamke aliyelelewa vizuri hamwaibishi mume, na Virginie alilelewa vizuri kupita kiasi. Hilo ndilo lililowaponza.

Mwana wao Manassé ndiye aliyewapeleka kituo cha afya. Muuguzi, binti mpole aitwaye Gracieuse, alieleza kuwa kuna maswali mafupi ya kupima akili za wazee, ili ijulikane kama usahaulifu ni uzee tu au ni ugonjwa. Akauliza kwa heshima, macho yake kwenye karatasi.

"Papa, leo ni siku gani?"

Sikuli alimgeukia mkewe. Virginie akaliumba neno kwa midomo, bila sauti.

"Ni vendredi," mzee akasema, na kweli ilikuwa Ijumaa.

"Na apa tuko fasi gani?"

Midomo ikaliumba jina la mahali. Akapewa maneno matatu ayashike, jembe, mbuzi na ndizi, na baadaye akayarudisha yote kutoka mdomoni mwa mkewe, kama mtoto anayetafuniwa chakula. Zoezi la kuchora saa likaachwa, kwa kuwa mzee hakuja na miwani.

"Papa iko muzima," Gracieuse akasema. "Ni uzee tu."

Virginie alitoka pale kifua mbele. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini nani hukumbuka methali siku ya furaha? Manassé naye alitulia moyo, akamwacha baba yake aende tena shambani peke yake.

Wiki iliyofuata Sikuli hakurudi. Wanajeshi walimkuta ameketi msituni, upande ambako waasi walikuwa wameua watu, na hakuweza kusema anatoka wapi wala anamtafuta nani. Siku hizi huko Beni, mtu asiyejua kwao huhesabiwa kuwa mtu wa waasi. Manassé na mama yake walimkuta kambini amefungwa mikono kwa kamba.

"Bwana yangu iko mugonjwa wa kichwa," Virginie akamwambia kamanda. "Anasahau."

"Mais mutoto yako amesema balimupima, bakakuta iko muzima," kamanda akapinga.

"Mimi njo nilikuwa namujibia."

Alilisema mbele ya mumewe, na aibu ikamchoma.

"Donc nitamuuliza mwenyewe. Weye mama, unyamaze. Kama anajua, ni kusema alikuwa anatudanganya, na hapana kutoka apa." Kamanda akamwinamia mzee. "Muzee, uyu mama ni nani?"

Sikuli akageuka, akautazama mdomo wa Virginie, akangoja. Hakuwa na wasiwasi, maana siku zote jibu lilitoka pale. Virginie alijua kwamba neno moja lingemwangamiza mumewe, na kunyamaza kungemwokoa. Akauma midomo. Mzee akazidi kungoja, na polepole uso wake ukaanza kutetemeka, machozi yakamtoka.

"Sijue," akasema. "Mais yeye anajua. Mumuulize yeye."

Kamanda akaamuru afunguliwe. Virginie alikuwa bado ameuma midomo.