Upande wa Kulia wa Baiskeli

Mguu wangu nisipoutazama, sijui uko wapi. Sisemi kwa mafumbo. Nikikaa juu ya baiskeli na kuangalia barabara, miguu inapotea kana kwamba mtu ameiazima. Nikiinama kuitafuta, barabara nayo inapotea. Kichwa kinapogeuka mikono inakifuata, na usukani unaifuata mikono. Pikipiki ikipiga honi nyuma yangu, sauti haiishii masikioni, inashuka mpaka kwenye vidole, na vidole vinafunguka vyenyewe. Nimeanguka katika mitaa mingi ya Butembo. Mara moja, kule Kimemi, niliangukia beseni la nyanya la mama mmoja, naye akanitazama bila hasira.

"Saa mbili ya asubui, na ushakunywa?"

"Hapana, mama. Njo vile niko."

"Basi okota."

Nilianza hivyo tangu utoto. Darasani herufi zangu zilipanda juu ya mstari na kushuka chini yake, na mwalimu wetu, ambaye serikali ilimtuma kwetu kutoka mkoa mwingine, aliamini kwamba namdhihaki. Niliacha masomo mwaka wa tano wa shule ya msingi. Kanisani walinipa kitabu cha nyimbo nikishike kwa mikono miwili, ili nisipige makofi, kwa sababu makofi yangu yalifika baada ya makofi ya wenzangu na kuwapoteza hata wapiga ngoma. Mama alisema nina haraka. Majirani walisema mimi ni mzito. Haraka na uzito, vyote viwili katika mtoto mmoja. Nimeuliza watu wengi tangu wakati ule: muuguzi, mwanajeshi mmoja aliyewahi kufundisha mazoezi ya viungo, fundi wa baiskeli. Fundi ndiye aliyejibu vizuri kuliko wote. Alisema kuna baiskeli ambazo kila kitu chake kimenyooka, ukipima unakuta kimenyooka, na bado zinakwenda upande. Nikamwuliza anazifanyaje. Akasema anazirudisha kwa wenyewe.

Mkubwa wangu, kaka aliyenitangulia kwa miaka minne, hakunirudisha.

Yeye alikuwa mbebaji. Walikuwa watu kumi waliotoa viazi na maharagwe Musienene siku za soko na kuvifikisha Butembo kwa baiskeli, magunia matatu kwa kila mtu. Baiskeli yenye magunia matatu haikaliwi. Inasukumwa. Unafunga fimbo ndefu kwenye usukani, upande wa kushoto, inatokeza nje kama pembe. Mkono wa kushoto unashika fimbo kuongoza, wa kulia unasukuma mzigo kwa nyuma, nawe unatembea kando. Nilipojua hivyo nilimwomba anichukue. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kutembea naweza.

Siku ya kwanza niliingia mtaroni mara nne. Mkono wangu wa kushoto ni kama mgeni nyumbani, mpaka uambiwe kila kitu. Mara ya nne mkubwa wangu aliinua baiskeli yangu, akaiegemeza kwenye ukingo wa barabara, akachuchumaa na kuniangalia mikono kwa muda mrefu.

"Mudogo, hii mukono ya kuume njo inakusikiaka kidogo. Tupime na hiyo."

Akafungua fimbo, akaifunga upande wa kulia. Nikahamia upande ule, na baiskeli ikaenda. Haikuenda sawasawa, lakini ilienda. Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Ile velo inaenda Butembo, ao inarudia Musienene?"

"Inatafuta bibi," mwingine akajibu. "Iache."

Katika ile njia yote, kuanzia Musienene mpaka mjini, hapakuwa na baiskeli nyingine yenye fimbo kulia. Watu waliokutana nasi waligeuka kutazama. Mimi niliona fahari. Kwa mara ya kwanza kitu kilikuwa kimetengenezwa kwa kunifuata mimi.

Shida ilikuwa miteremko. Kwenye mteremko mbebaji hatembei, maana mzigo ungemwacha. Anasimama juu ya pedali kwa mguu mmoja, na kwa soli ya kiatu cha mguu mwingine anakandamiza mpira wa nyuma, soli iliyokatwa kwenye mpira wa gari. Hiyo ndiyo breki yake. Hushuka mmoja mmoja. Wa kwanza akifika chini anapiga mluzi kwa vidole, ndipo wa pili anaachia. Ilikuwa sheria, na kapita wao, kiongozi wa kikosi, mzee aliyekuwa pia shemasi, aliishika kuliko sheria nyingine yoyote isipokuwa sala ya asubuhi.

Mimi sikuweza kushuka. Nilijaribu mara moja kwenye kamteremko ambako watoto walikuwa wakicheza, na viazi vikatawanyika mpaka kwa jirani. Basi mkubwa wangu akawa anashuka mara mbili. Anashusha baiskeli yake, anaiegemeza, anapanda mbio kwa njia ya mkato katikati ya migomba, anafika juu akihema, anashika ya kwangu, anaishusha. Mimi namfuata kwa miguu, mikono mitupu. Ya kwangu alilazimika kuisimamia upande wa kulia, kinyume na vyote alivyojifunza. Nilimwambia tuhamishe fimbo kila tukifika kwenye mteremko, kisha tuirudishe chini. Alisema kamba zitachukua muda, na wenzetu wanangoja. Alijifunza. Baada ya wiki chache ungemtazama usingejua kwamba hakuzaliwa hivyo.

Lakini kwenye kila mteremko watu kumi walikuwa wanangoja mmoja apande tena. Msimu wa mvua ulipoanza, kapita alituita kabla ya sala. Aliongea kwa upole, na upole wake ulinitisha.

"Batoto yangu, musikie. Kila kilima tunangoya. Mvua yeye haingoyaka mutu. Huyu ashushe velo yake ye mwenyewe, ao abakie nyumbani."

"Papa, lakini anasukuma muzuri," mkubwa wangu alisema.

"Sijakatala. Kusukuma anasukuma."

"Basi nitashusha zote mbili mbiyo. Hamutangoya tena."

"Utavunjika."

"Sitavunjika, papa."

Kapita akatazama mawingu, akasema haya, tuombe. Hapo palikuwa pa kusema nabaki nyumbani. Nilikuwa nimesimama karibu nao kiasi cha kugusana mabega. Nilijua ni mwili wa mkubwa wangu uliowekwa rehani pale, magoti yake na mgongo wake, na kwamba yeye alikuwa hodari wa miteremko kuliko wote, na hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka. Nilifumba macho pamoja na wengine nikaitika amina.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya hapo. Mvua ilikuwa imenyesha na kukatika, udongo mwekundu unang'aa. Wote walishuka, mkubwa wangu wa mwisho wao. Nikasikia mluzi wake kutoka chini, kisha nikamwona akija kati ya migomba, anakimbia, shati limeshikana na mgongo. Hakupumzika.

"Lete," alisema.

"Pumuzika kwanza."

"Lete, mudogo. Banatuangaria."

Alisimama upande wa kulia, mkono wa kulia kwenye fimbo, wa kushoto nyuma kwenye mzigo, akaachia. Nilibaki juu. Alishuka vizuri mpaka kwenye kona. Hapo lori lilikuwa linapanda, likapiga honi ndefu. Mimi mwenyewe kule juu nilihisi vidole vyangu vikifunguka. Na nikauona mkono wa kushoto wa mkubwa wangu ukiacha mzigo, ukaenda mbele, upande wa kushoto, kushika fimbo.

Fimbo haikuwa hapo. Ulishika hewa, ukafunga, ukashika tena.

Kwa muda wa pumzi moja mkubwa wangu hakujua mikono yake iko wapi. Miaka ya kubeba ilikuwa imemfundisha kushoto, wiki chache za kunibebea zilikuwa zimemfundisha kulia, na ile honi ilichagua. Katika watu wote waliokuwa kwenye kilima kile, ni mimi tu niliyeelewa nilichokiona, kwa kuwa ndani ya pumzi ile ndimo ninamoishi. Kisha baiskeli ikalala, na magunia matatu yakalala juu ya goti lake.

Nilipofika, dereva alikuwa ameshuka na wenzetu wanainua magunia. Mkubwa wangu hakulia. Aliuliza kama viazi vimemwagika.

Kwenye kituo cha afya walimfunga ubao mguuni, na baadaye mama alimleta mzee anayeunga mifupa kutoka kwa watu wa ukoo wake. Mzee alikandakanda goti kwa majani ya moto asubuhi saba mfululizo, akasema limekubali. Lilikubali kweli, ila lilikubali likiwa limepinda. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua maharagwe, alipouliza ilikuwaje. Alimwuliza yeye, lakini alinitazama mimi.

"Ni soli, mama," mkubwa wangu alisema. "Iliteleza juu ya mupira. Kulikuwa matope."

"Soli tu?"

"Soli tu."

Mama akarudi kwenye maharagwe yake. Nikatoka nje, nikafungua fimbo kwenye baiskeli yangu kwa meno na kucha, maana kamba zilikuwa zimeloa, nikaifunga kushoto. Nilitaka nichukue nafasi ya mkubwa wangu katika kile kikosi. Kila siku, karibu mwezi mzima, nilijifunza kwenye uwanja nyuma ya kanisa, bila mzigo, naye akija kwa mkongojo na kukaa juu ya tofali ili anielekeze. Angalia mbali, alisema. Hapana mguu, mguu utakuja ye mwenyewe. Lakini mguu wangu hauji wenyewe. Siku moja nilielekea moja kwa moja kwenye ukuta, nikijua naelekea ukutani, nikitafuta mkono wa kuniokoa bila kuuona, naye akainuka ili anidake. Aliinuka kama zamani, kwa miguu yote miwili. Tulianguka wote, mimi ukutani na yeye pale pale kwenye tofali, na safari hii alilia. Kesho yake hakuja uwanjani, wala mimi.

Nikaenda Beni, kisha Kamango, kukausha kakao na kubeba chochote kinachobebwa kichwani, kisha Beni tena. Sikai mahali. Watu wanadhani napenda njia. Nimewahi kulala Kamango mwezi mzima na bado asubuhi nashindwa kusema mlango uko upande gani.

Mwaka huu nilirudi Butembo nikiwa nimeamua kusema. Nilimkuta kwenye ghala la maharagwe, Kimemi, anapima magunia akiwa ameketi. Amenenepa. Nilingoja mpaka wapakiaji wakatoka kwenda kula.

"Ile siku niliona mukono yako," nikamwambia. "Haikuwa soli."

Aliendelea kushona mdomo wa gunia. Alishona mpaka mwisho, akakata uzi.

"Nilijua uliona. Njo maana sikukuangaria pale kwa mama."

"Ni juu yangu."

"Juu yako nini? Ile siku nilikuwa nafikiri kitu moya tu, niwaonyeshe bale batu. Kapita, na bote. Hapana wewe. Wewe sikukufikiri hata." Akacheka kidogo. "Uko na kiburi, mudogo. Kila kitu kikianguka, ni wewe."

Sikumwamini. Ni mtu aliyenifungia fimbo upande wangu bila kuombwa; kunidanganya kwa wema si kazi kubwa kwake. Lakini huenda alisema kweli, na hapo sijui ni lipi linaloniuma zaidi. Nilikuwa nimekuja na mzigo kutoka Beni ili niutue mbele yake, na yeye alikuwa amekataa kuupima.

Asubuhi yake alinisindikiza mpaka pale magari ya Beni yanapopakia. Si mbali, ila kuna kipando kikali cha kilima kabla ya kufika. Alikuwa anatembea kwa kurusha mguu nje, mimi najikwaa kama kawaida yangu, na mama mmoja mwenye mikungu ya ndizi alitupisha, akatuonea huruma wote wawili. Katikati ya kipando akasimama, akashika goti.

"Enda," alisema. "Itajaa, gari itakuacha."

"Nitakungoya."

"Hapana ningoye. Enda."

Nikaenda. Gari lilikuwa nusu tupu, na dereva alikaa zaidi ya saa nzima akiita abiria. Nilikaa dirishani, natazama mahali ambapo kipando kinaishia, nikimngoja atokee. Watu wengi walitokea pale, mmoja mmoja.