Mbuzi ya Stima ya Chande

Dunia ina watu waliovumbua simu, taa na friji. Mwabungo ina Chande. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa hoteli moja ya Diani, akitengeneza viyoyozi ili wageni waliosafiri mbali kufuata joto wasilisikie. Alipoachishwa kazi alirudi kijijini kwao Mwabungo na mota ya mashine ya kufulia iliyokwisha kutupwa, pamoja na imani kwamba wavumbuzi wote wakubwa walianza kwa kudharauliwa. Katika sehemu hiyo alifaulu mapema.

Aliamua kuunda mashine ya kukuna nazi. Alisema amewaona wanawake wanavyoteseka juu ya kigoda cha mbuzi, na moyo ukamwuma. Mkewe Mishi, aliyekuna nazi ya vitumbua vya kuuza kila alfajiri, hakuulizwa lolote. Mvumbuzi hapotezi wakati kwa mambo madogo.

Mashine ilizinduliwa harusini kwa Yusra, binti wa dada yake Mishi. Chande aliwaomba wanawake waliokaa uani waweke mbuzi zao kando wapumzike. Wakapumzika. Bi Twaiba, bibi yake bi harusi, akasogeza kiti ili ayaone maendeleo kwa karibu. Chande akatoa hotuba fupi kuhusu mwisho wa mateso, akawasha mota, akagusisha kizio cha kwanza cha nazi.

Mota ile ilizoea kukamua mashuka, ikaitendea nazi vivyo hivyo. Kizio kilimponyoka, kikapita juu ya masufuria, kikatua mapajani mwa Bi Twaiba. Vilivyofuata alivishika kwa nguvu zake zote, akapata nazi na vifuu vilivyosagika humo humo. Nazi zote zikaisha kwa mtindo huo, na wali ukapikwa kwa tui lao, chembe za vifuu zikipenya kichujio. Wageni walitafuna kwa adabu kubwa, kila mmoja akiyasikia meno ya mwenziwe. Shehe aliomba maji mara kadhaa, kisha akausifu wali kwa maneno ya kuchagua.

Bi Twaiba alimwita Chande pembeni. "Ahsante, mwanangu," alisema. "Sasa nenda kapumzike na wewe."

Chande aliifunika mashine kwa gunia na kuacha kupita njia ya kwa Bi Twaiba. Aliwaeleza watu kwamba Mwabungo haikuwa tayari. Mishi ndiye aliyelifunua gunia lile, bega likimwuma.

"Baba Nassir, umewahi kukaa kwenye mbuzi?" alimwuliza mumewe.

Hakuwahi. Alikuwa amekula tui maisha yake yote bila kukikalia kile kigoda. Akakaa. Kabla hajamaliza kizio kimoja vidole vilikuwa vimechubuka na kiuno kimekaza, naye amegundua kile ambacho kila msichana wa Mwabungo anakijua, kwamba nazi haisukumwi, huzungushwa polepole. Kisha alimwambia mkewe kwamba hakujua, na sauti yake haikuwa ile ya hotuba.

Akaipunguza mota kasi kwa gurudumu la cherehani, akayasugua meno ya chuma mpaka yakapoteza ukali, akaweka kinga ya kifuniko cha sufuria. Mara hii nazi ilitoka nyeupe na laini. Mishi akaiweka mashine kibarazani, na wanawake wakaja, Bi Twaiba akiwamo, ingawa yeye alisimama mbali kidogo.

Chande aliandika ubavuni kwa rangi nyekundu: CHANDE NAMBA MOJA. Watu wote wanaiita mbuzi ya Mishi. Kamene, jirani aliyehamia kutoka bara, alimwuliza Chande kwa heshima kama Mishi alikuwa amemwajiri kwa mwezi au kwa siku.

Stima inapopotea, hata hivyo, jina lake hukumbukwa vizuri. Mbuzi za zamani zimekwisha kuuzwa Diani, ambako watalii huzining'iniza ukutani, kwa hiyo Mwabungo hula wali mkavu na kumlaumu Chande kana kwamba stima pia aliivumbua yeye. Amezipokea shutuma hizo kama heshima. Siku hizi anatengeneza stima yake mwenyewe uani, na Mishi ameshawaambia majirani waanue nguo zao.