Bikizee wa Hekalu la Cato Manor

Mkitaka kucheka, chekeni. Mimi nilikuwepo, mchana kweupe, na sikuwa nimelala.

Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia kuchezwa hapa Afrika Kusini. Nilikuwa nasuka nywele za watu hapa Durban, nasimama kutwa, na mimba yangu ilikuwa kubwa. Mbili za kabla yake zilitoka. Mume wangu akawa analiangalia tumbo tu, kama mtu anayengoja habari mbaya.

Jirani yangu Anti Saro, Mhindi mzaliwa wa hapa, akaniambia, "Twende nikuonyeshe hekalu letu la Cato Manor. Babu zetu walilijenga kwa mikono yao, wakitoka kukata miwa ya Wazungu."

Mimi Mrundi, Mkristo, nitafute nini huko? Lakini Anti hakataliki.

Tukavua viatu mlangoni. Ndani iko harufu ya ubani na maziwa yaliyochacha. Anti akaenda mbele kuomba. Mimi miguu ilikuwa imevimba, nikakaa chini, mgongo ukutani.

Niaminini, sikusikia mtu akija. Nilimwona tu bikizee wa sari ya manjano ameketi kando yangu, nyayo zimelowa.

"Umechoka, mwanangu?"

Kwa Kirundi! Kirundi cha milimani kwetu, kama cha marehemu bibi yangu.

"Nimechoka, mama."

Akaniwekea kiganja tumboni. Kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mtoto aliyekuwa akicheza akatulia tuli. Bikizee akasema polepole, "Basi huyu nitakuachia."

Huyu! Mnasikia? Na wale wawili je?

Nikapiga kelele. Anti akaja mbio, akanikuta peke yangu, sakafu imelowa maji. Nilipomweleza hakushangaa. Alikunja uso tu.

"Eish. Ulimjibu? Huyo akijibiwa, hurudi."

Binti yangu yuko hai, anaenda krechi, shule ya watoto wadogo, hajaugua hata mafua. Lakini kila Pasaka, ambapo Wahindi wa hapa nao hufanya sikukuu yao, ngoma za hekaluni zikianza, anaacha sahani yake, anasimama mlangoni na kusema bibi amefika. Mchungaji ameomba mpaka sauti imemkauka. Mimi hata usingizini namshika mkono, na asubuhi naenda kazini nimechoka kuliko jana.

Nendeni mkaone mahali patakatifu pa watu wengine, ni pazuri. Vueni viatu, heshimuni. Lakini uchovu wenu waelezeni watu mnaowajua.