Niliuza nyumba ya Jang'ombe huku nikiomba radhi mtaa mzima

Wakuu, salamu kwenu.

Ilikuwa saa 4 na dakika 20 asubuhi, Jumamosi, dalali wangu Pandu aliponipigia kusema mteja yuko njiani. Ninayoyasimulia ni kweli tupu. Mjinga wa kisa hiki ni mimi, kwa hiyo sina faida ya kuongeza chumvi.

Nilikuwa nauza nyumba ya Jang'ombe, vyumba vinne na ua, ili mimi na mke wangu, Bi Zuhura, twende Hija. Kikundi chetu kilishatupa tarehe ya mwisho ya kulipa. Tukiipitisha, nafasi zetu wanapewa wengine.

Mimi ni mtu wa kusoma. Miezi mitatu nilipekua mtandaoni: uthamini, mikataba, hata rangi zinazovutia wanunuzi. Mthamini akaniambia milioni 75.

Nikatangaza 95.

Kwa nini? Nyumba ya tatu kutoka kwetu iliuzwa 95. Kwamba ile ni ya ghorofa na iko barabarani, na kwangu gari haifiki, niliyaona mambo madogo.

Mteja akafika, muuza spea za pikipiki wa hapo hapo mtaani. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa unavuta maji. Badala ya kuutengeneza, jana yake nilikuwa nimeupaka chokaa. Akauegemea. Alitoka na shati jeusi lenye bega jeupe.

Hata hivyo akatoa ofa: milioni 76, taslimu, wiki ile ile.

Nikamjibu kwamba nyumba hii ina historia, mama yangu kafia mle. Akanipa pole, akaondoka. Sijaona bado mnunuzi anayelipia matanga.

Sasa lije kosa lenyewe.

Kwetu anayekwenda Hija huzunguka kuomba radhi kwa jamaa na majirani. Watu wenye akili hufanya hivyo siku za mwisho. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, nilianza wiki saba kabla. Niliandika orodha ya majina 43, na kila anayenisamehe namwekea alama ya vema. Wote niliwaambia maneno yale yale: tunasafiri inshallah, nyumba ikiuzwa tu kabla ya tarehe ishirini, niwie radhi.

Jina la 17 lilikuwa la muuza spea. Alinisamehe kwa moyo mkunjufu, akaniagizia kahawa, akaniomba nimtajie tena ile tarehe. Nikamtajia. Nikamshukuru kwa kutujali.

Baada ya hapo simu ikanyamaza. Wiki ya tano nikamlaumu Pandu kwamba hafanyi kazi.

"Kaka, kila ninayemwendea anaijua siku utakayokwama," akasema. "Wewe unauza nyumba au unatangaza tanzia?"

Siku mbili kabla ya tarehe, muuza spea akarudi. Milioni 58 na nusu. Nikamkumbusha 76 yake.

"Ile ilikuwa bei ya nyumba, Alhaji," akasema kwa upole. "Hii bei ya tarehe."

Nilirudi nyumbani nikitaka kukataa. Bi Zuhura aliniuliza swali moja tu: "Yaani mie nisiende Makka kwa sababu wewe umeona haya?"

Tukasaini mbele ya sheha, mkuu wa mtaa wetu. Nilipokwishapokea fedha, yule bwana akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Na mie niwie radhi, Alhaji."

Sheha ananitazama. Mashahidi wananitazama.

"Nimekuwia," nikasema. Ningesema nini?

Hija tumekwenda na tumerudi salama, alhamdulillahi. Nilichojifunza ni hiki: bei ipange kwa nyumba uliyonayo, ukuta utengeneze, na shida yako na tarehe yako visitoke nje ya chumba cha kulala. Radhi omba baada ya kusaini.

Mliowahi kuuza nyumba, semeni nanyi mlipokosea. Wa kunicheka nao wacheke tu, msikitini washaanza zamani.

Tofauti kati ya ofa niliyoikataa na fedha niliyopokea: shilingi milioni kumi na saba na laki tano.