Pua ya Baba na Geji Yangu

Baba yangu alitengeneza magari mtaani Elerai hadi magoti yakamwambia basi, lakini pua hakuistaafisha. Akiletewa gari la kabureta, kile kifaa cha zamani kinachochanganya hewa na petroli, aliinama nyuma, akanusa moshi wa ekzosi macho kayafumba, akazungusha skrubu kidogo na kutangaza: "Safi." Wachungaji wawili wa kanisa walimwamini, na hao hawaamini fundi yeyote. Pua ile ndiyo ilikuwa jina lake.

Mimi, binti yake, mwalimu wa fizikia, nilimwamini mpaka gari langu kuukuu lilipoanza kunywa petroli kama mgeni wa harusi ambaye hakuchangia. Nikaagiza geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli, pamoja na sensa yake ya oksijeni. Sensa inakaa kwenye bomba la ekzosi, geji kwenye dashibodi, nawe unasoma namba. Ikiwa karibu na kumi na nne na nukta saba, injini imeshiba sawasawa. Ikishuka, petroli imezidi.

"Mama, unanunua pua ya dukani na mimi niko hai?" baba aliuliza.

Tukawekeana dau. Geji ikikosea, naing'oa. Ikipatia, yeye anaweka bisibisi chini, hagusi tena kabureta ya mtu. Nilikubali haraka, kwa kiburi tu.

Fundi wa kuchomelea tulimpata Kwa Mrombo, mtaa wa wachoma nyama, akatuwekea kwenye bomba nati ya kushikia sensa. Kabla ya kufungwa, sensa huonjeshwa kwanza hewa safi ili ijue pa kuanzia. Nikaining'iniza nje, nikabonyeza kitufe, nikajipongeza. Hatua tano kutoka pale mbuzi alikuwa juu ya makaa, na upepo ulituletea moshi wote. Mwalimu wa fizikia mzima! Namba zilizofuata zilikuwa za kipuuzi.

Nilipomwonyesha baba yule mbuzi, alicheka hadi akaliegemea gari. "Sensa yako imeonja nyama, sasa inaitafuta kwenye ekzosi." Nilijilaumu sana. Sikujiuliza kwa nini yeye, mpenda nyama yule, hakumgundua mbuzi kabla yangu.

Jumamosi iliyofuata tukapanda upande wa Olmotonyi, ambako hewa ya Mlima Meru haina mchoma nyama. Nikaionjesha sensa upya, nikaifunga, nikawasha gari na kuliacha lipate moto. Geji ikasema kumi na moja.

"Petroli imezidi, mzee!" nilisema, kwa furaha isiyo ya Kikristo.

Baba akashuka, akazunguka nyuma, akainama kwenye ekzosi na kuvuta pumzi ndefu. Nilimfuata nishuhudie anavyoshindwa. Harufu ya petroli mbichi ilinipiga hadi macho yakatoa machozi, nikakohoa.

"Safi," alisema.

Nilimtazama vizuri. Hakuwa anabisha.

"Baba, husikii harufu?"

Alichukua muda kunyanyuka. "Tangu masika," alisema. "Hata chai ya mama yako nasema tu ni nzuri. Usiwaambie watu wa Elerai."

Kisha akatoa bisibisi kwenye koti lake, akanipa, mpini mbele. Dau ni dau. Wiki nzima nilikuwa nikiingoja bisibisi ile, na sasa nilipoiona nikaona aibu hadi masikioni. Nilitamani geji ingekosea.

Sikuipokea. Nilifungua boneti, nikaingia kwenye kiti cha dereva na kushusha kioo.

"Kumi na moja na nukta mbili!" nikapaza sauti.

Halafu nikasikia bisibisi yake ikigusa skrubu.

"Sasa?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Sasa?"

"Kumi na tatu. Pole pole, baba."

Mzee huyu hakuwahi kuniuliza neno lolote kuhusu gari maisha yangu yote.

"Kumi na nne na nusu!"

Kichwa chake kikachungulia pembeni mwa boneti, kikinitazama kupitia kioo cha mbele.

"Safi?" akauliza.