Maji ya Mwasumini

Sogea karibu nikueleze kwa nini harufu ya asumini bado hunikausha koo. Masika yalipokwisha, bustani ya uani kwetu Makorora iligeuka: mchicha ukatoa mbegu, udongo ukapasuka, pipa la maji ya mvua likabaki robo. Mwasumini tu ndio uliojaa vitumba. Vingechumwa Ijumaa vikiwa vimefumba, vitungwe uzini, vifumbuke kichwani mwa shangazi yangu, bibi harusi. Kuumwagilia ilikuwa kazi yangu. Nikaogopa kulimaliza pipa, nikachota kisimani. Siku ya tatu majani yaliungua kingo na vitumba vikaanza kudondoka.

Bibi alichovya kidole ndooni, akaonja. "Mjukuu wangu, umeunywesha chumvi!"

"Na mimi nitavaa nini kichwani, bamia?" shangazi akafoka.

Sikuthubutu kucheka. Bibi aliliinamisha pipa, akamwaga shinani maji yote, hata ya chai yetu, ili chumvi ioshwe.

Ijumaa alasiri vitumba vilivyosalia vilitosha shada moja fupi. Shangazi alilibana upande mmoja, akaniinamia ninuse.

Nawe, kiangazi kikiingia, onja maji ya kisima kabla hujamwagilia.