Nyungu ya Ghalani

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu. Hapana, nawadanganya. Sabini na tatu Rehani alikuwa bado kwake Kwemkwazu, anakula muhogo wake na kukaa kivulini kwa mlimao wake. Ilikuwa sabini na nne, mwaka ule wa unga wa njano wa msaada, vuli inakaribia, na kijiji kipya cha barabarani hakijatimiza hata miezi mitatu.

Rehani alikuwa mkulima wa Kizigua wa miaka kama hamsini, mpole, mwembamba, lakini Mungu alimjalia sauti. Kule Kwemkwazu alikuwa akipanda juu ya kichuguu akaita, na wachungaji wa ng'ambo ya bonde wakageuka. Ndiyo maana watu wa Kwemkwazu, kaya kumi na tisa zilizopakiwa kwenye lori pamoja na kuku wao na kushushwa kando ya njia ya Korogwe, walimchagua yeye awasemee. Alhamisi angekuja mgeni kutoka wilayani Handeni. Rehani angesimama mkutanoni aulize jambo moja tu: je, wanaruhusiwa kurudi mahame, kule walikohamishwa, wakachimbe muhogo wao waliouacha ardhini? Jambo dogo hilo. Lakini njaa ilikuwa ya kweli, unga ulikuja kwa kupimiwa kibaba, na aliyeonekana akielekea mahame aliambiwa anatoroka kijiji.

Basi Jumatatu asubuhi Rehani akaamka na mafua. Si mafua ya kupenga mara mbili yakaisha. Kichwa kizito kama gogo, macho yanatoka machozi, na alipofungua mdomo ikatoka sauti ya mlango uliopinda.

"Baba Hamisa," akasema Fatu mkewe, "hiyo ni sauti, au kuna jogoo anachinjwa humo?"

"Nichemshie nyungu," Rehani akakoroma.

Dawa ya mafua kwao haikuwa na mjadala. Unachemsha chungu cha majani, mgonjwa anakiinamia, anafunikwa blanketi gubigubi, anavuta mvuke mpaka jasho limtiririke hadi kisiginoni. Sharti lake ni moja: akitoka asipigwe na upepo mpaka jasho likauke. Kwemkwazu alikuwa na jiko la udongo lenye mlango mfupi, ukiufunga hata moshi unaomba ruhusa kutoka. Hapa kijijini alikuwa na banda la fito na nyasi. Kulikandika hajapata nafasi, maana kila kukicha ni shamba la ujamaa. Majani nayo ni taabu, kwa kuwa miti yote ilikuwa imekatwa ili nyumba zinyooke mstari. Fatu akaambulia kivumbasi kidogo kando ya mtaro.

Rehani akaingia ndani ya blanketi. Mvuke ukapanda, ukaona matundu ya ukutani, ukaenda zake. Upepo nao ukaona matundu yale yale, ukaingia. Kabla jasho halijafika hata kifuani, kile kipande cha reli kilichotundikwa ofisini kikagongwa, ngo! ngo! ngo!, na Isihaka, mwenyekiti wa kijiji, akachungulia mlangoni.

"Ndugu Rehani! Watu wote shambani."

"Naumwa," blanketi likajibu.

"Lo! Sauti hiyo ndiyo uliyochaguliwa nayo?"

"Ondoka hapo mlangoni, Mwenyekiti, unaniletea upepo."

"Upepo siuleti mimi, ni banda lako. Wenzako wamekandika. Haya, twende, jembe litakutoa jasho bila kuni."

Akaenda, amelowa hivyo hivyo, mgongo unapigwa na baridi. Jioni hata ule mkoromo ulikuwa umekwisha. Akiomba maji anaonyesha kwa kidole, na Fatu, kwa kumchokoza, anamletea chumvi.

Jumanne Fatu akajifunga kamba kiunoni kama aendaye kuokota kuni, akaenda Kwemkwazu kwa siri kuchuma majani ya ule mlimao. Akarudi na furushi la majani na uso uliokunjamana.

"Nguruwe pori wameingia," akasema. "Mistari ya juu ya muhogo wameimaliza. Wanakula kama waliopewa kadi ya mwaliko."

Rehani akapiga goti lake ngumi. Hata kutukana hakuweza.

Sasa, mlinda ghala la kijiji alikuwa mtu wa milimani, Kaleb wa Vugiri, aliyeteremka zamani kuuza maharage, akaoa huku huku. Aliwahi kumpikia mtaalamu mmoja wa Kifini pale Korogwe, na habari za yule Mfini hazikumwisha mdomoni. Jumatano mchana akapita kumjulia hali mgonjwa.

"Shikamoo, mzee Rehani."

Rehani akainua mkono.

"Marahaba yake ndiyo hiyo," akasema Fatu. "Kaa, baba."

Kaleb akatazama furushi la majani, akatazama matundu ya banda, akatikisa kichwa. "Mama Hamisa, hapa mnamfukiza mtu au mnaifukiza Handeni nzima? Mfini wangu alikuwa na kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Kazi yake ni hiyo tu. Anachoma mawe mpaka yawe mekundu, anayamwagia maji, anajifungia humo uchi kama alivyozaliwa. Akitoka, mafua hayamjui tena."

"Uchi? Na mkewe?"

"Wote."

"Astaghafirullah. Sisi mbao hizo tutazitoa wapi?"

Kaleb akashusha sauti. "Ghala lina ukuta wa udongo, lina bati, lina mlango wa kufuli. Na ufunguo ninao mimi."

Rehani akatikisa kichwa. Mle ghalani mlikuwa na magunia ya mbegu za mahindi ya shamba la ujamaa, yanangoja mvua. Akayaonyesha magunia kwa mikono, vile yalivyopangwa.

"Mbegu zimo ndani ya magunia, mzee wangu," akasema Kaleb. "Zenyewe hazina mafua."

Ningekuwapo ningesema neno. Lakini Alhamisi ilikuwa kesho, na nguruwe hawangoji mtu apone. Rehani akakubali.

Watu walipokuwa shambani wakaingiza chungu cha majani ya mlimao, wakaingiza mawe ya moto ndani ya karai. Kaleb akafunga mlango. Kila jiwe likitumbukizwa chunguni linalia chwaa, na mvuke unajaa mpaka mtu haoni vidole vyake. Rehani akaketi na shuka kiunoni, jasho likamtoka kama mtu aliyekoga mtoni. Pua ikafunguka, kwanza upande mmoja, halafu wa pili. Akaisikia harufu ya mlimao wake, na koo likaachia kama fundo lililolegezwa. Akakaa humo humo hadi jasho likakauka, sharti likatimia. Alipotoka akaita mara moja tu, "Mama Hamisa!" na mbuzi waliokuwa barabarani wakaruka mtaroni.

Fatu alicheka mpaka akashika mbavu. Jioni ile watu wa Kwemkwazu walikuja mmoja mmoja kumsikiliza akisalimia.

Alhamisi gari la wilayani likafika. Mgeni, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, akasema kabla ya mkutano atakagua mbegu. Kaleb akafungua mlango, na harufu ya limao ikatangulia kumlaki mgeni. Mvuke ulikuwa umepanda, ukagonga bati, ukageuka maji, ukadondoka usiku kucha juu ya magunia. Yale ya juu yalikuwa yamelowa chapachapa. Mgeni akaingiza mkono kwenye gunia, akautoa na mbegu zilizovimba kama meno ya mtoto.

Mkutano ukaanza kwa hilo. "Nani mlinda ghala?"

Kaleb akasimama. "Ni mimi, ndugu."

"Bati linavuja?"

"Halivuji."

"Mvua imenyesha?"

"Haijanyesha."

"Basi maji yametoka wapi? Wewe si mtu wa hapa, sivyo? Hii ni hujuma."

Neno hilo lilikuwa zito siku zile. Lingeweza kumpandisha mtu kwenye gari asirudi. Rehani alikuwa amekaa mstari wa mbele na swali lake tayari ulimini. Aliwatazama watu wa Kwemkwazu, nao wakamwambia kwa macho: nyamaza, ngoja zamu yako. Fatu peke yake ndiye aliyetazama chini. Rehani akasimama.

"Ni mimi," akasema, na sauti ikafika barabarani. "Nilikuwa na mafua. Nilijifukiza humo. Kaleb alinihurumia tu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, na mkutano mzima ukaangua kicheko. Hata Isihaka, aliyetaka kukasirika, alishindwa.

"Ulikoga ghalani?" akauliza mgeni.

"Nilijifukiza, ndugu. Mbegu tutazianika, na zilizoharibika nitazifidia. Muhogo wangu upo mahame, na swali nililotumwa na wenzangu ni hilo hilo la muhogo. Je—"

"Keti chini."

"Nauliza tu kama tunaruhu—"

"Mzee, mtu anayeogea juu ya mbegu za taifa ana swali gani? Keti!"

Akaketi. Mgeni akahutubia juu ya kilimo bora kwa saa mbili. Akawaamuru Rehani na Kaleb waanike mbegu siku nne, na ufunguo wa ghala akapewa Isihaka. Wakati wa maswali ulipofika akatazama saa yake, akasema muda umekwisha, akapanda gari.

Ndipo Rehani akalikimbilia gari mpaka mwisho wa nyumba za mstari, akapanda juu ya kisiki, akaita kwa sauti ile ya Kwemkwazu. Dereva aligeuka. Mgeni hakugeuka. Swali lake lilisikika shambani, lilisikika ofisini, na tangu siku hiyo Rehani amelirudia kwa wenyeviti wanne, wengine yeye mwenyewe aliwachagua: mtu akipanda muhogo kwa mkono wake, akahamishwa, muhogo ukabaki ardhini, je, ni wake au ni wa nguruwe?